Zimeni Jenereta Kwanza, Miti Baadaye

Kwa mama mdogo, Kilwa ya ndani, huna haja ya kuitazama simu ili kujua kama mtandao upo. Unatega sikio. Jenereta la mnarani likiunguruma, mtandao upo. Likinyamaza, hata ukipanda juu ya mkorosho ukaishika simu kwa meno, hupati kitu. Watoto wa kule wamekua na elimu hiyo, na wana neno lake: mnara umelala.

Msimu mmoja wa ufuta nilikaa kule siku tisa. Usiku wa tatu niliamshwa na kimya. Aliyewahi kulala karibu na jenereta ananielewa: masikio yanauzoea mngurumo mpaka unakuwa sehemu ya usingizi, na siku unapokatika unashtuka kama mtu aliyefunguliwa mlango. Nikajigeuza ubavu wa pili. Mama mdogo, chumba cha jirani, nikamsikia akisema peke yake gizani, "Basi tena. Kesho hatuna pesa."

Sikumwelewa mpaka kulipokucha. Malipo ya ufuta yalikuwa yameingia kwenye simu za watu siku mbili kabla, na nusu ya kijiji ilikuwa imepanga kutoa asubuhi ile. Kwa wakala walishajaa, kinamama wamekaa kwenye gogo, wazee wameegemea baiskeli, na wakala mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na ushee, amekunja mikono kama mfiwa. Pesa anazo kwenye droo. Watu wana pesa kwenye simu. Katikati yao hakuna kitu. Mlinzi wa mnara alipoulizwa akajibu kwa maneno mawili: "Mafuta hayajaja." Yalikuja siku ya tatu, jioni, juu ya gari lenye tope mpaka madirishani. Katika siku hizo tatu jirani mmoja alikuwa na dizeli ya kuuza kwa kidumu, nafuu kuliko ya sheli. Sikuuliza imetoka wapi. Kule swali la namna hiyo ni utovu wa adabu.

Narudi Dar es Salaam, wiki ya Siku ya Mazingira Duniani, nafungua gazeti: wakubwa wa kampuni ya simu, fulana za kijani, kofia za kijani, majembe mapya yasiyo na hata chembe ya udongo, wanapanda miti mbele ya kamera. Chini ya picha, maneno matamu kuhusu kizazi kijacho. Nilikaa nikiitazama ile picha na mngurumo wa Kilwa bado umo masikioni mwangu.

Niseme wazi ninachotaka, tusipotezeane muda. Sitaki miti yao. Nataka wazime jenereta.

Tupige hesabu, hesabu ya dukani tu, haihitaji profesa. Chukua mnara usiofikiwa na umeme wa gridi, jenereta linawaka saa 24. Tuseme linakunywa lita moja na nusu kwa saa. Kwa siku ni lita 36, kwa mwaka ni lita 13,140. Tuseme lita moja ni shilingi 2,800: tayari tumekaribia shilingi milioni 37, na hapo hujalipa gari la kuyafikisha, fundi wa kubadilisha oili na filta, mlinzi wa kuyalinda, wala hujahesabu jirani wa kuyapunguza. Kila lita ya dizeli inayoungua inatoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa, kwa hiyo mnara huo mmoja kwa mwaka umetema zaidi ya tani 35 angani. Pandeni miti yenu halafu mje tuhesabu ni mingapi itabaki hai kiangazi kikiisha.

Kinachokera zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta hayo haifanyi kazi yoyote ya mawasiliano. Mitambo ya mnara wa kijijini inataka umeme mdogo, mara nyingi kilowati moja, mbili au tatu hivi. Jenereta lililofungwa pale lina uwezo mara kadhaa ya huo, kwa kuwa lililokuwepo stoo ni hilo, au kwa kuwa hapo zamani kulikuwa na kiyoyozi kinachopoza kibanda cha mitambo. Na jenereta likipewa mzigo mdogo kuliko uwezo wake linakula kwa hasara na kujaa masizi tumboni. Ni kuchemsha chai ya mtu mmoja kwenye sufuria la shughuli, kuni zote zimesukumwa ndani, usiku na mchana, mwaka mzima. Mafundi wa minara wanalijua hili siku nyingi, na dawa yake wanaijua. Weka betri, jenereta liwake saa chache likiwa na mzigo wa kutosha, lijaze betri, lizimwe. Ongeza paneli za jua, nalo linakuwa la akiba tu, linaamka masika. Ondoa kibanda na kiyoyozi chake, weka mitambo inayovumilia joto la nje, umepunguza mzigo wenyewe. Mitambo mipya inajua hata kusinzia usiku wa manane wakati hakuna anayempigia mwenzake. Hakuna uganga hapo.

Basi mbona bado linaunguruma? Watakwambia jua ni ghali. Aliyesema hivyo mwaka 2010 alikuwa mkweli. Tangu hapo gharama ya umeme wa jua duniani imeporomoka kwa takriban asilimia 90, na betri za lithiamu zimefuata njia hiyohiyo. Anayetoa jibu la mwaka 2010 leo hii amevaa miwani ya mbao.

Sababu yenyewe imelala kwenye karatasi. Zamani kila kampuni ya simu ilikuwa na minara yake. Siku hizi minara mingi ni ya kampuni nyingine ambazo kazi yao ni kuipangisha tu. Vodacom Tanzania iliuza minara 1,149 kwa Helios Towers mwaka 2013, na haikuwa ya kwanza kuuza wala ya mwisho. Jambo lenyewe si baya. Ni zuri, tena sana: mnara mmoja ukibeba kampuni mbili au tatu, chuma ni kimoja, uzio ni mmoja, na jenereta ni moja badala ya matatu yanayopigiana kelele juu ya kilima kimoja. (Wenye umri wangu wanavikumbuka vile vilima vya minara mitatu mitatu, imesimama pembeni pembeni kama wake wenza wasiosalimiana.) Lakini katika biashara hii ya kupangisha minara, popote inapofanyika, kuna kipengele cha kawaida cha mkataba: bei ya mafuta ikipanda, kodi ya mnara nayo inapanda. Msomaji, kipengele hicho usikipite haraka. Dizeli ikipaa, mwenye mnara anatuma ankara. Kampuni ya simu inailipa, inakuna kichwa, inatazama kulia na kushoto itafidia wapi, na macho yake hayatui kwa mkurugenzi. Yanatua kwa mama mdogo. Yanatua kwenye bando la buku ambalo zamani lilikufikisha usiku na sasa linakata roho alasiri.

Kuna wenye minara walioshtuka mapema, na niwape haki yao. Waligundua kwamba wakifunga betri na paneli, mafuta wasiyoyachoma yanabaki kuwa pesa mfukoni mwao, hivyo wakafunga, wala hakuna aliyewashika mkono. Hao hawakuongozwa na mapenzi ya dunia. Waliongozwa na daftari la matumizi, na mimi nafurahi, kwa sababu mtu anayefanya jambo jema kwa faida yake ataendelea nalo hata kamera zikiondoka. Ninaowasema ni wale wanaojua hesabu hiyo na bado wanasubiri, kwa kuwa wa kulipia kusubiri kwao si wao.

Mwaka 2021 nchi hii ilichemka kwa tozo ya miamala ya simu. Tulilalamika kwenye daladala, misikitini, makanisani, kwenye vijiwe vya kahawa, mpaka ikapunguzwa. Nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele na sijutii. Ila nauliza: dizeli ya mnara ni nini kama si tozo? Inakatwa kwa kila mmoja wetu kila siku, haikupita bungeni, haina jina kwenye ujumbe wa muamala, na fedha yake haijengi hata zahanati moja. Inatoka kama moshi, kwa maana halisi ya neno. Kwa tozo ile tuliandamana mitandaoni. Kwa hii tumekaa kimya kwa sababu hatujawahi kuonyeshwa risiti.

Halafu ukaja mwaka 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari bei ya mafuta ikaruka duniani kote, na hapa kwetu Serikali ikatangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni ili bei isitumalize. Ilikuwa lazima, sibishi. Lakini ruzuku ya mafuta ina macho? Haiulizi lita hii inaenda kwenye basi la abiria, kwenye trekta, au kwenye jenereta la kilowati kumi na tano linalolisha mzigo wa kilowati mbili. Jua la Kilwa halikupanda bei hata senti moja mwaka ule. Mnara wenye paneli haukujua kwamba kuna vita.

Tufike sasa kwenye jambo linalonitoa jasho hasa, kwa kuwa hadi hapa unaweza kudhani nazungumzia pesa peke yake.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga Mafia na pwani ya kusini. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari mapema, na tahadhari siku hizi zinasafiri kwa simu: ujumbe, kikundi cha WhatsApp, mtoto aliyeko Dar anampigia baba yake asiingize ngalawa baharini. Mvua zikakata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, ambayo ni wilaya hiyohiyo ya Kilwa ya mama mdogo. Malori yakasimama huku na huku yakitazamana. Sasa weka mnara wa jenereta katika habari hiyo. Mafuta yake yanakuja kwa barabara. Barabara imekwenda na maji. Siku ambayo watu wanauhitaji mtandao kuliko siku zote za mwaka, ndiyo siku ambayo mnara unahesabu lita za mwisho. Tumejenga kitu cha kututahadharisha na mafuriko ambacho mafuriko yanakizima! Na moshi wa kitu hichohicho ni tone katika sababu zinazoifanya bahari ipate joto na mvua zije kwa hasira namna ile. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wazee, ingawa hapa mchumaji mwenyewe hukuti amekaa kwenye maji. Waliokaa kwenye maji ni wa kwao.

Najua, najua, jua nalo hujificha kimbunga kikija. Msinitumie ujumbe. Ndiyo maana sikusema jenereta ling'olewe na kuuzwa skrepa. Nilisema lizimwe. Betri iliyojaa, na pembeni yake jenereta la akiba lenye tangi lililojaa kwa kuwa wiki nzima iliyopita halikuwa na kazi: mnara wa namna hiyo unaweza kuisubiri barabara itengenezwe. Ule wa mama mdogo hauwezi kusubiri hata Jumatatu.

Wafanyabiashara wa mjini wananiambia hayo ni mambo ya vijijini. Ya vijijini? Nani ananunua sabuni, betri za tochi, mbegu na vocha huko vijijini kama si wateja wenu? Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuvuka kuja kwetu mwaka uliofuata, mnara umekuwa benki, posta, dirisha la LUKU na daftari la mkopo, vyote kwa pamoja. Msambazaji wa soda wa Kariakoo anapokea oda ya Nangurukuru kwa simu na kulipwa kwa simu. Mnara ukilala siku tatu, lori lake nalo linalala siku tatu. Na kila muamala unaofanyika kwa simu ni safari moja ambayo mtu hakuifanya: pikipiki haikuwashwa kwenda mjini kulipia umeme, basi halikupandwa kupeleka ada ya mtoto. Simu kwa asili yake inapunguza moshi. Ndiyo maana inauma kuona tunaichafua kuanzia kwenye mzizi wake.

Wenzetu wa Kenya wana kichwa kwenye jambo hili, na tusione aibu kulisema. Safaricom iliahidi hadharani kufikia uzalishaji sifuri wa hewa ya ukaa ifikapo 2050. Ahadi ya kampuni ni ahadi tu, nami si mtu wa kupigia makofi tarehe ambayo sitakuwepo kuikagua. Lakini wana kitu cha kusimamia: umeme wao kwa takriban asilimia 90 unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana na jua. Mnara wa Nakuru ukichomekwa ukutani tayari umeshakuwa wa kijani zaidi ya nusu ya hotuba ninazozisikia. Sisi tulikuwa na kisingizio kwamba gridi yetu inaegemea gesi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, limekuja kukiondoa kisingizio hicho. Umeme wa vijijini nao umesogea. Nimeona kwa macho yangu, na si mara moja, nguzo mpya ya umeme na jenereta la mnara vikitazamana kwa umbali wa jiwe la manati, na jenereta linawaka. Eti kuunganisha kuna taratibu. Mnara ulijengwa kwa miezi, utaratibu wa waya wa mita mia tatu unakwenda kwa miaka.

Hapa naigeukia Serikali, na naigeukia kwa heshima yenye makali. Mei 2023, Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ni kazi kubwa na ni kazi njema. Kuna watu wamepiga simu kutoka uani kwao kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mradi ule. Lakini minara ya namna hiyo inajengwa kwa mkono wa ruzuku, yaani mkono wangu na wako, katika kata ambazo biashara peke yake isingefika. Anayetoa mahari ana haki ya kuuliza maswali. Swali la kwanza kwa kila mnara wa umma ujao liwe: utakula nini? Ukijibu dizeli peke yake, ruzuku hakuna, rudi nyumbani ukachore upya. Anayekuja na jua na betri apewe pointi za zabuni zinazoonekana, si sentensi ya kupamba ukurasa wa mwisho.

Na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo kila robo mwaka inatutolea ripoti nzuri ya idadi ya laini, akaunti za pesa, kasi ya intaneti na kampuni ipi ina wateja wangapi: sijawahi kukuta humo mstari mmoja wa lita. Laini tunazo zaidi ya milioni 90, zote zimehesabiwa. Mafuta yanayozilisha laini hizo hayana hesabu mezani petu. Waagizwe watangaze lita zilizochomwa, mnara kwa mnara au mkoa kwa mkoa, jina la kampuni likiwa juu. Hatutahitaji faini. Aibu ikiandikwa kwa tarakimu inatembea haraka kuliko faini, na washindani watasomana.

Sasa nijipinge mwenyewe kidogo, kwa kuwa kuna wapenzi wa jua wanaonisoma wakitabasamu, na tabasamu lao linanitia wasiwasi. Betri si malaika. Pale Mombasa kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za risasi kiliwekwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Sumu ya risasi ikaingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa walioathirika, alipigana mpaka kiwanda kikafungwa, akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hukumu ile ikaburutwa ngazi baada ya ngazi mpaka Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabu miaka hiyo. Kuna waliozikwa humo katikati.

Betri za risasi ndizo zilizojaa kwenye magari yetu, kwenye sola za majumbani na chini ya minara mingi. Kwa hiyo kampuni itakayoniambia "tumehamia jua" nitaiuliza papo hapo: betri zikichoka zinakwenda wapi, kwa lori la nani, na anayezipasua amevaa nini mikononi? Kama jibu ni "tunaziuza kwa mzabuni", mazungumzo yetu ndiyo kwanza yanaanza. Za lithiamu zinaishi zaidi na zinastahimili zaidi, na wezi nao wameshalijua hilo, lakini zitachoka pia. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki mwaka 2022. Zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaofahamika ni asilimia 22.3, na kwa Afrika haifiki hata asilimia moja. Sisi ni jalala lenye mtandao wa 4G.

Mnakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia nchi nzima? Sikulaumu uamuzi, zilikuwa simu hatari. Ila usiku mmoja malundo ya simu yaligeuka vipande vya plastiki na sumu, na sikusikia mtu akitangaza kituo cha kuzipeleka. Zilikwenda kwenye makabati, shimoni, kwenye moto wa takataka nyuma ya nyumba. Katika nchi hii mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote ya kuzuia taka za simu hana fulana ya kijani wala hajawahi kupigwa picha na waziri. Ni fundi wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, amekaa kwenye stuli na lenzi jichoni, anatoa kioo kwenye simu iliyokufa anakitia kwenye simu itakayofufuka. Yeye anadaiwa ushuru kila asubuhi. Kampuni inayopanda mti mmoja inapewa cheti.

Jambo moja bado, nalo ni lile wanalolisahau hata wanaharakati wenyewe. Mnara wa jua unaweza kuwa mteja mkubwa wa kwanza wa umeme kijijini. Anayetaka kufunga mtambo mdogo wa jua mahali penye nyumba sitini anaogopa, kwa kuwa nyumba sitini zinawasha taa mbili mbili na kuchaji simu, hazirudishi mtaji. Mpe mnara unaolipa kila mwezi bila kukosa, mchana na usiku, na hesabu yake inasimama. Hapo umeme unaozidi unakwenda zahanati kwenye friji ya chanjo, kwenye mashine ya kusaga, kwenye saluni. Dizeli haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa hakuna mwenye akili atakayeuza umeme wa dizeli kwa bei anayoiweza mkulima wa ufuta. Pale kwa mama mdogo jenereta limewaka miaka chungu nzima hatua mia mbili kutoka zahanati, na muuguzi wa zahanati hiyo anazalisha kwa mwanga wa tochi ya simu. Simu hiyo yenyewe anaichaji kwa jua.

Mwaka uliofuata msimu ule wa ufuta nilimpeleka mama mdogo Liwale kwenye harusi ya mjukuu wa shoga yake. Tulifika magharibi, tumechoka, na akataka kuwajulisha watu wetu kwamba tumefika salama. Mnara wa kijiji kile uko nyuma ya shule. Una paneli safu mbili na kabati la betri, na mbuzi wamelala chini yake. Nikampa simu, nikamwambia, piga. Akatulia, akainamisha kichwa kidogo, akanirudishia simu.

"Mnara umelala, mwanangu. Sisikii kitu."

"Piga tu, mama mdogo."

"Nakwambia umelala."

Nikampigia mimi, nikaiweka simu sikioni mwake. Ikaita mara mbili, binamu yangu akapokea kutoka Mbagala, sauti safi kama yuko chumba cha pili. "Shikamoo mama! Mmefika?"

Mama mdogo hakuitikia marahaba. "Subiri kwanza," akamwambia. Akaishusha simu, akageuza uso kuelekea nyuma ya shule, akasikiliza tena.